Bunduki ya joto, kamera ya simu au kamera ya mkono: fundi wa Arusha anunue ipi?

Mwaka niliojitegemea niliitwa mtaa wa Unga Limited, hapa Arusha, kukagua bodi ya umeme ya mashine ya kusaga mahindi. Mwenye mashine, mzee asiyependa maneno mengi, alisema breka hukata kila ikikaribia saa tano asubuhi, foleni ya ndoo ikiwa imefika nje. Nilikuwa na ile bunduki ya kupimia joto yenye nukta nyekundu. Nikailenga boliti moja baada ya nyingine kwenye swichi kuu: nyuzi 31, 33, 32. Nikamwambia, "Mzee, huku hakuna joto, tutazame mota." Akanilipa nauli. Kesho yake jioni akapiga simu: kebo ya fezi ya katikati imeungua hadi ganda limedondoka, na moto umeanzia kwenye boliti ile ile niliyoisoma 33.

Bunduki haikuwa mbovu. Mimi ndiye niliyekuwa sijui inasoma nini. Tangu siku hiyo nimetumia vifaa vya aina tatu, cha nne nimekikodi mara mbili, na haipiti wiki bila fundi mwenzangu kuniuliza anunue kipi. Jibu langu la simu huwa fupi na halimridhishi mtu. Hili ndilo refu.

Jicho moja na macho elfu

Kila kitu hutoa miale ya infraredi, hata barafu. Kikipata joto hutoa zaidi. Mwili wa mtu, au waya ulioanza kuchemka kidogo, hutoa zaidi miale yenye mawimbi ya karibu mikromita 9 au 10 (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita), ndiyo maana vifaa vyetu hivi vimetengenezwa kusoma kati ya 8 na 14 hivi. Macho hayaioni. William Herschel aliigundua mwaka 1800 huko Uingereza, alipopitisha mwanga wa jua kwenye kioo cha pembetatu na kuweka vipimajoto kwenye rangi zake. Kilichopanda kuliko vyote kilikuwa kimekaa nje ya nyekundu, mahali pasipoonekana rangi yoyote.

Miaka themanini hivi baadaye Mmarekani Samuel Langley akatengeneza bolomita: utepe mwembamba wa metali ambao ukipigwa na miale hupata joto, na ukipata joto ukinzani wake wa umeme hubadilika. Fundi yeyote anaelewa hapo. Chombo hicho kilisifika kwa kuhisi joto la ng'ombe aliyesimama mita 400 kutoka kilipo.

Lakini kuhisi si kupiga picha. Kamera za kwanza za joto zilizouzwa kibiashara zilitoka Sweden mwaka 1965, kampuni ya AGA, na kazi yake ilikuwa hii hii yetu: kukagua nyaya za umeme mkubwa. Toleo la mwaka 1969 lilikuwa na kamera ya kilo 25, skrini yake kilo 20, miguu yake kilo 15, jenereta ya pembeni, na chombo cha lita 10 cha naitrojeni ya kimiminika yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, kwa kuwa kihisi kisipopozwa hakioni kitu. Hebu piga picha ukiipandisha hiyo ghorofani Kaloleni.

Kilichoteremsha bei ni kurudi kwa bolomita ya Langley, safari hii ikiwa ndogo mno, maelfu yake yamepangwa kwenye kipande kimoja kama punje kwenye gunzi la mahindi, na hayahitaji kupozwa. Kampuni ya Honeywell waliitengeneza miaka ya 1980 kwa ajili ya jeshi la Marekani, na siri yake ikafunguliwa mwaka 1992. Mwaka 2014 kikaingia sokoni kidude cha FLIR One cha kuvaa kwenye simu, kwa dola 349.

Sasa tofauti ya msingi unaionaje? Bunduki ina punje moja. Kidude cha simu cha bei ya chini kina nukta 80 kwa 60, yaani 4,800. Cha juu yake kidogo kina 160 kwa 120, ambazo ni 19,200. Kamera ya mkono ya kati ina 320 kwa 240, nukta 76,800. Kila nukta ni kipimajoto chake. Bei inafuata hesabu hiyo kuliko inavyofuata jina la kampuni.

Bunduki: nzuri kuliko inavyodhaniwa, na hatari kuliko inavyoonekana

Bei yake ni ya mifuko michache ya saruji. Inawaka papo hapo, betri inakaa miezi, ikianguka haikulizi. Kwa beringi ya mota iliyopakwa rangi, ukuta wa chumba cha baridi, tanuri la mikate, ndoo ya maziwa, sijaona sababu ya kutumia kitu kingine. Pale Moshi kuna jamaa anayetunza mashine za kukoboa kahawa. Kila asubuhi anapita na bunduki yake na daftari, beringi ile ile, mahali pale pale, anaandika. Ikipanda nyuzi kumi kuliko wiki iliyopita anajua kazi imeanza. Hana kamera na haihitaji.

Matatizo yake ni mawili, na yote mawili yalinipata Unga Limited kwa pamoja.

La kwanza ni ukubwa wa duara. Kwenye ubavu wa kifaa pameandikwa 12:1. Maana yake, ukisimama sentimita 120 kutoka kwenye kitu, unasoma duara la sentimita 10. Ukisogea hadi nusu mita bado ni sentimita nne na kitu. Ile nukta nyekundu haipimi chochote, inakuonyesha tu uelekeo. Boliti yangu ilikuwa na upana wa sentimita moja na nusu, kwa hiyo nilichosoma ni wastani wa boliti, plastiki ya swichi na bati la nyuma lililopoa.

La pili ni baya zaidi kwa sababu linavihusu vifaa vyote, hata vya mamilioni. Metali inayong'aa haitoi miale yake vizuri. Inarudisha ya vitu vingine, kama kioo kinavyorudisha sura yako. Ngozi ya mtu hutoa karibu asilimia 98 ya miale inayostahili joto lake, na tepu nyeusi ya umeme asilimia 95 hivi. Shaba au alumini iliyosuguliwa ikang'aa hutoa asilimia chache tu. Bunduki nyingi za bei ya chini zimefungwa kwenye namba ya utoaji miale ya 0.95, yaani asilimia 95, na huwezi kubadilisha. Kwa hiyo niliilenga boliti ya moto, nikasomewa joto la shati langu.

Dawa yake inauzwa kila duka la umeme: kipande cha tepu nyeusi. Umeme ukiwa umezimwa, bandika kipande kwenye kila kiungo unachotaka kukipima, washa, acha lodi, yaani mashine zinazovuta umeme, ifanye kazi, kisha pima tepu. Mafundi wengi hawafanyi hivyo. Wanaona aibu, nadhani, kubandika tepu mbele ya mteja aliyeambiwa kwamba kuna kifaa cha kisasa.

Neno kuhusu zile bunduki nyeupe za wakati wa Korona, zilizobaki kwenye droo za maofisi mjini: zile ni za paji la uso. Zimetengenezwa kwa joto la mwili tu na ukizielekeza kwenye breka zitagoma au zitakupa namba ya kubuni. Mwachie mlinzi.

Kamera ya simu dhidi ya kamera ya mkono

Hapa ndipo watu wanapokwama, na mimi nilikwama kwa miezi minane.

Nilianza na ya simu, ya nukta 80 kwa 60. Siku za kwanza nilikuwa kama mtoto wa sikukuu. Kila kitu nilikipiga: friji, paka, alama ya kiganja changu ukutani ikififia polepole. Ina jambo moja zuri sana: kamera ya kawaida iliyomo ndani yake huchora mistari ya umbo juu ya picha ya joto, kwa hiyo unaona maandishi ya breka na unajua ni ipi iliyochemka. Wateja wanapenda pia. Meneja wa hoteli moja Njiro, dada makini kweli kweli, alinisimamia begani akauliza, "Kaka, kwa hiyo hapo unaona mpaka ndani ya ukuta?"

"Hapana dada. Naona ngozi ya ukuta tu. Bomba likivuja ndani, unyevu unakuja juu, ukikauka unapoza rangi. Hicho ndicho kinachoonekana."

"Na kupitia kioo?"

Nikageukia dirisha. Tukajiona sisi wawili, mawaa mawili ya njano. Kioo cha dirisha hakipitishi miale hii, ndiyo maana lenzi za kamera hizi hutengenezwa kwa jemaniamu, na ndiyo sehemu ya gharama. Vivyo hivyo kifuniko cha plastiki angavu mbele ya breka: usipokifungua, unapima plastiki. Na ukishaambiwa ufungue, tunarudi kwenye sheria: bodi inafunguliwa na mwenye leseni ya EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, na upande wa mita wenye lakiri ya shirika la umeme, TANESCO, haukuhusu hata ukiwa na kamera ya dhahabu.

Kasoro ya kamera ya simu niliiona nilipoanza kazi za viwandani. Lenzi yake ni pana, nyuzi 50 hivi, kwa hiyo ukisimama mita moja picha ina upana wa karibu mita moja. Gawa kwa nukta 80: kila nukta ni sentimita moja na zaidi. Na ili usomaji uaminike kitu kinapaswa kujaza angalau nukta tatu kwa tatu. Maana yake kwa mita moja, kitu kidogo kuliko sentimita tatu na nusu hakipimiki sawasawa. Ya nukta 160 inafika chini ya sentimita mbili. Kamera ya mkono ya 320 yenye lenzi ya nyuzi 24 inafika milimita nne hivi. Boliti ya Unga Limited, kwa mita moja, ni hii ya mwisho tu ingeisoma. Nyingine mbili zingenilazimisha kusogea.

Na kusogea ndiko kunakoua. Bodi iko wazi, fezi tatu ziko hai, mkono mmoja umeshika simu ya laki tano yenye kidude kinachoning'inia chini kwenye tundu la chaji, na simu hiyo hiyo inaita, shemeji anaulizia mchango wa harusi. Sisemi kwa mzaha, iliita. Kamera ya mkono ina kishikio na kifyatulio, unasimama mbali, mkono wa pili uko mfukoni ulipotakiwa kuwa.

Yapo mengine madogo. Betri ya kidude changu ilikaa saa moja, ya kamera ya mkono ilimaliza siku. Nilipobadilisha simu, tundu la chaji lilikuwa la aina nyingine na kidude kikawa pambo. Kamera ya mkono inakuruhusu kubadilisha namba ya utoaji miale, na kila picha hubaki na joto la kila nukta, kwa hiyo jioni unaweza kukaa na kompyuta ukasoma sehemu ambayo hukuitazama mchana. Baadhi ya programu za simu hufanya hivyo pia, lakini hakikisha kabla ya kulipa.

Bei? Kidude cha simu cha chini kilianza dola 199 kilipotoka toleo la tatu mwaka 2017, na cha nukta 160 kilikuwa 399. Kamera ya mkono ya kuanzia inakaribia bei ya bodaboda iliyotumika, ya kati inapita bodaboda mpya, na zile za nukta 640 ni bei ya gari.

Uamuzi wangu: kama kazi yako ni nyumba za watu, Sakina, Kijenge, Pasua, nunua bunduki, tepu nyeusi na mita nzuri ya kubana waya. Pesa inayobaki lipia ada ya shule. Kama unashika hoteli, viwanda, mashine za kusaga, vyumba vya baridi vya maua na mbogamboga kule Usa River, ruka kamera ya simu kabisa, dunduliza ununue ya mkono isiyopungua 160 kwa 120, na ukiweza 320. Ya simu nampendekezea fundi wa friji na wa mabomba, anayetazama vitu vikubwa vilivyo karibu na visivyo na umeme mkubwa. Huyo itamfaa kweli.

Usihangaike na kasi ya picha. Kamera nyingi za bei ya kati hutoa picha 9 kwa sekunde, kwa sababu sheria za Marekani za kuuza nje zinabana zile za kasi zaidi. Breka haikimbii.

Namba inayofaa ni tofauti, si joto lenyewe

Kamera nzuri ya mkono huahidi usahihi wa nyuzi 2 juu au chini, za simu nyuzi 3. Ndiyo maana nawakataza watu kununua kifaa hiki kwa kupima homa ya mtoto: kati ya mzima na mgonjwa kuna nyuzi moja na nusu. Na wanaozunguka wakisema kamera ya joto inatosha kupima saratani ya matiti wanadanganya watu. Mamlaka ya dawa ya Marekani imeonya mara kadhaa kwamba haiwezi kuchukua nafasi ya mammografia, ile picha ya eksirei ya matiti.

Kwa umeme kosa la nyuzi mbili halina shida, kwa kuwa unalinganisha fezi na fezi zenye lodi sawa. Mwongozo unaotumiwa sana wa NETA, chama cha wapimaji wa vifaa vya umeme cha Marekani, unasema tofauti ya nyuzi 1 hadi 3 ni ya kufuatilia, 4 hadi 15 kuna kasoro, zaidi ya 15 tengeneza sasa hivi. Mimi nimeuandika kwenye mfuniko wa sanduku langu.

Lakini lodi iwepo! Joto la kiungo kibovu hufuata mraba wa mkondo: mashine ikifanya kazi kwa nusu, joto ni robo. Nyuzi 40 za ziada utaziona kama 10, nawe utamwambia mteja hakuna haraka. Nakumbuka nilikwenda Unga Limited saa mbili asubuhi, kukiwa na mteja mmoja mwenye debe moja. Breka ilikuwa ikikata saa tano. Mzee aliniambia, sikusikia.

Droni, kwa ufupi

Kwa paneli za sola zaidi ya hamsini au paa usilotaka kulikanyaga, droni yenye kamera ya 640 kwa 512, kama Mavic 3 Thermal, humaliza kwa nusu saa kazi ya siku nzima. Paneli moja ikionyesha theluthi yake imechemka, mara nyingi ni dayodi iliyofanya njia ya mkato. Piga jua likiwa kali, wati 600 kwa mita ya mraba au zaidi, maana yake baridi ya Julai Arusha na mawingu yake itakukatisha tamaa. Kibali cha TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, ni lazima, na hifadhini usiirushe bila ruhusa ya wenye hifadhi. Ikodi, usiinunue. Kamera za namna hiyo zinafanya kazi kubwa zaidi kuliko yetu: Maasai Mara, ng'ambo ya mpaka, askari wa wanyamapori wanazitumia tangu 2016 kuwaona majangili usiku. Lakini hiyo ni bajeti nyingine.

Bati jipya nalo lina vituko vyake. Nililielekezea kamera usiku wa mbalamwezi nikasoma nyuzi 14 chini ya sifuri, mimi nikiwa na fulana. Bati lilikuwa likirudisha anga.

Jinsi ya kukijaribu kabla ya kulipa

Muulize muuzaji nukta za kihisi cha joto, usikubali nukta za skrini wala za kamera ya kawaida. Wengi huandika namba kubwa iliyochanganywa. Weka kiganja ukutani sekunde tano, ondoa, tazama kama vidole vinaonekana vitano au bonge moja.

Halafu nenda kwa mama ntilie. Kumbuka hapa Arusha, mita 1,400 juu ya bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, siyo 100. Moshi ni 97. Nilipokuwa nanunua kamera ninayotumia sasa, nilimwomba muuzaji twende naye hadi kwa mama anayepika karibu na stendi ndogo.

"Shikamoo mama. Naomba uipue hilo sufuria la maji dakika moja tu."

"Marahaba. Umeishiwa na kazi leo?"

Akaipua. Sufuria lilikuwa jeusi kwa masizi chini hadi katikati, na juu karibu na mdomo alikuwa amelisugua kwa mchanga likang'aa, maji yamefika hadi huko. Kwenye masizi kamera ikasoma 93. Kwenye mng'ao, 41.

Mama akachungulia skrini. "Fundi, si maji yale yale?"

"Yale yale, mama."

Nikabandika kipande cha tepu nyeusi pale paliposuguliwa, nikasubiri kidogo, nikalenga tena: 92. Muuzaji aliyekuja nami akanyamaza, kisha akaniuliza hiyo tepu nimeinunua wapi.